Milima ya Lisbon Tuliyoipanda Sugar Land

Mama alifundisha historia katika shule ya msingi Tanga kwa miaka thelathini na moja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza na Wareno. Walivyofika, walivyoipiga Kilwa, walivyojenga ngome Mombasa, walivyofukuzwa. Alikuwa ameshakaa nami miaka miwili hapa Alief, Houston, siku daktari wa macho alipomwambia kwamba presha ya macho imeshakula pembe zote za uoni wake na itaendelea kula kuelekea katikati. Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Tulipofika kwenye taa karibu na duka la Mnigeria tunakonunua mihogo, akasema, "Nataka nikaone walikotoka wale watu."

Nikamuuliza watu gani.

"Wareno. Nimewasema maisha yangu yote, kwao sijafika."

Daktari hakutuambia imebaki muda gani. Alisema huenda mwaka, huenda pungufu, kila jicho lina mwendo wake. Mimi ni mtu wa wasiwasi hata siku nzuri, na jibu kama hilo kwangu ni sawa na kuambiwa kesho. Wiki ile ile nikakata tiketi za kwenda Lisbon, siku nne, mimi na yeye.

Kazi yangu ni kupanga ratiba za vyumba vya upasuaji katika hospitali moja hapa mjini. Nani anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, dakika ngapi za kusafisha chumba kabla ya mwingine. Nikaipanga Lisbon hivyo hivyo. Siku ya kwanza tramu ya manjano ipandayo vilima, kisha mapumziko ya dakika arobaini. Siku ya pili monasteri ya kando ya mto, saa tatu kamili asubuhi, kwa tiketi za saa maalumu, maana humo ndimo alimozikwa yule nahodha ambaye wanafunzi wa mama walichapwa kwa kusahau mwaka aliofika pwani yetu. Baadaye mnara wa Belem. Siku ya tatu makumbusho ya vigae, na mchana darasa la kuchora kigae kwa mkono, jambo alilolitaka mama kuliko yote. Jioni ya mwisho tungekaa mkahawani kusikiliza zile nyimbo zao za majonzi. Nilichapisha ratiba kwa herufi kubwa nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo.

Ndani ya mlango, si nje, kwa sababu hakuna aliyetakiwa kujua. Kwetu safari haisemwi. Ukisharudi ndipo watu wanaona picha, na hata hapo unachagua picha. Viza, nyumba mpya, mimba, safari, vyote vinafunikwa mpaka viive. Mama ndiye aliyenilea hivyo, na alipoona tiketi neno lake la kwanza lilikuwa, "Usimwambie mtu. Macho ya watu ni mengi." Sikumwambia hata mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi kwenye ghala kule Mesquite, upande wa Dallas, ingawa tunazungumza naye kila Jumapili.

Kilichoninyima raha wakati ule ni vilima. Kila niliposoma habari za Lisbon nilikuta vilima, ngazi, mawe yanayoteleza, na mama anaishi Houston, mji ambao mpira ukiuweka chini unabaki ulipo. Hapa hatutembei, tunaendesha. Miguu yake ilikuwa imesahau mwinuko. Basi kila Jumamosi asubuhi nikawa namchukua hadi Sugar Land, kwenye jengo la kuegeshea magari la ghorofa tano karibu na maduka makubwa, tukawa tunapanda kwa miguu ule mteremko wa magari unaozunguka hadi juu. Nilimshika mkono, yeye upande wa ukutani, mimi upande wa magari. Kurudi tulishuka kwa ngazi.

Jumamosi ya pili tukakutana na jirani yetu Mkenya, nesi, akitoa mifuko ya vitu kwenye gari lake. Akatutazama tulivyokuwa tunahema.

"Mama, sasa mko na marathon gani hapa parking?"

"Daktari kasema nifanye mazoezi ya moyo," mama akajibu bila kupepesa. Mwalimu mstaafu, na anadanganya vizuri namna hiyo.

Siku hiyo hiyo, kwenye ngazi za kushukia, mama alinyoosha mguu akitafuta ngazi ambayo haikuwepo, tulikuwa tumeshafika chini. Kabla ya hapo, ghorofa ya juu, alikuwa ameikosa moja iliyokuwepo, na kama nisingemshika angeviringika. Tuliingia garini kama hakuna lililotokea. Lakini usiku kucha nilikuwa namwona akianguka kwenye mawe ya watu, na asubuhi nikaongeza mapumziko mengine ishirini ya dakika kumi kumi kwenye ratiba.

Zilipobaki wiki tano, nikakaa mezani kujaza taarifa zetu kwenye tovuti ya shirika la ndege. Yangu nilijaza haraka, tarakimu za pasipoti yangu ya Marekani nazijua kwa moyo. Nikafungua ya mama, kile kitabu chenye ngao ya Bibi na Bwana, nikaandika Tanzania, na ukurasa ukanifungulia kisanduku kipya kilichokuwa hakipo kwangu. Namba ya viza.

Nilikitazama kile kisanduku, nikakisoma tena. Mama ana kadi ya kijani, anaishi hapa kihalali, na kwa sababu hiyo kichwani mwangu alikuwa kama mimi. Nilikuwa nimepanga hadi dakika za kwenda msalani, nikasahau viza. Na si kwamba sijui viza ni nini. Mimi niliwahi kusimama kwa muda wa saa nne nje ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, bahasha ya vyeti kifuani, nikiogopa hata kwenda haja nisije nikaitwa. Miaka sita ya uraia ilikuwa imetosha kunifanya nisahau kwamba kuna watu hawaamki tu wakaenda. Nililiona hilo kuwa aibu, na bado naliona hivyo.

Nikampigia mdogo wangu.

"Dada, mama ana passport ya kwetu," akasema polepole, kama anamweleza mtoto. "Wewe ndiyo una ya hapa. Kwa hiyo ume-book kila kitu bila ku-apply visa?"

"Ndiyo."

"Mnaenda lini?"

Nikamwambia. Nikasikia magari ya kunyanyulia mizigo yanapiga honi nyuma yake.

"Dada, mimi wale watu wa visa za Ulaya wameshaninyima mara moja. Najua kila karatasi wanayoitaka. Ungeniambia toka mwanzo, saa hizi mama ana visa." Kisha akauliza, "Au na mimi ni wa yale macho ya watu?"

Nilisema samahani, akasema haina shida, kwa sauti ya mtu mwenye shida. Jumamosi aliendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Mesquite akiwa na faili la plastiki, akakaa na mama mezani akipanga karatasi moja moja. Bima ya safari, barua ya pensheni, nakala ya kadi ya kijani, barua yangu ya kumdhamini. Alipofungua kabati kutafuta kikombe akaiona ratiba. Aliisoma yote. "Hata saa ya kunywa maji umeweka," akasema, na hapo tu ndipo aliponicheka, nikajua amenisamehe kidogo.

Nafasi ya karibu kabisa ya miadi ilikuwa baada ya siku kumi na tatu. Tukafika kituo cha maombi ya viza, hapa hapa Houston, nusu saa kabla. Mlinzi wa mlangoni akaangalia karatasi, akamwashiria mama apite, akaninyooshea mimi kiganja.

"Applicants only," akasema, waombaji tu.

Nikamweleza kuhusu macho. Akasema mtu wa ndani atamsaidia. Mama akachukua faili mkononi mwangu, akasema, "Kaa hapo," akaingia. Nilibaki nje ya mlango wa kioo. Nilimwona akisimama kidogo, akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, ndivyo anavyouokota ulimwengu wake siku hizi, kipande kimoja kimoja, kama anayechungulia kwenye bomba. Kisha akaweka vidole ukutani akaanza kutembea. Akapinda kona, sikumwona tena. Nilikuwa na hasira na mlinzi, na kioo, na mimi mwenyewe.

Alitoka baada ya dakika hamsini, akiwa ametulia kuliko mimi.

"Wamekuuliza nini?"

"Waliniambia niwasomee safari yangu siku kwa siku. Miwani nilikuwa nimekuachia wewe, nikawaambia kwa kichwa. Yote. Hadi na mapumziko yako." Akanipa faili. "Yule binti wa dirishani akaniuliza kwa nini Lisbon. Nikamwambia nimefundisha habari zao miaka thelathini na moja, nataka nikaone kama nilikuwa nadanganya watoto."

"Akasemaje?"

"Akapiga muhuri wake, akasema tusubiri."

Tukasubiri. Namba ya kufuatilia ilikuwa imekaa kwenye simu yangu na niliifungua kabla ya kuswali, baada ya kuswali, kazini katikati ya mgonjwa wa goti na mgonjwa wa nyonga. Inashughulikiwa. Siku zote neno hilo hilo. Siku moja kabla ya ndege nikapiga simu shirikani kuahirisha, na tiketi za monasteri, mnara na darasa la vigae zikafa, zile hazikuwa na kuahirishwa. Usiku ule nililia jikoni nikiwa nimefungua mfereji wa maji ili mama asisikie.

Asubuhi ya siku ya pili ya safari yetu isiyokuwepo, mama alitoka chumbani amevaa baibui na viatu vyake vya mazoezi.

"Leo saa tatu tulikuwa monasteri," akasema. "Twende."

Nilikuwa na likizo bado, sikuwa na pa kwenda. Nikamwendesha hadi Sugar Land. Tukapanda. Ghorofa ya kwanza akaniambia nisome ratiba, nikasoma, tramu ya manjano, naye akanieleza mtetemeko mkubwa uliouangusha mji ule zamani na jinsi walivyoujenga upya. Ghorofa ya tatu tukawa mnarani. Aliongea kama yuko darasani, akiuliza maswali na kusubiri majibu, na majibu yangu mengi yalikuwa mabovu. Nilikuwa nasikiliza nusu, nusu nyingine natazama magari na miguu yake. Tulipofika juu kabisa, upepo, anga, paa za maduka na barabara kuu hadi macho yanapoishia, tambarare yote, akaacha kuongea.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nipo hapa mama, nimekushika mkono."

"Najua umenishika. Sikuoni. Toka huko ubavuni, njoo mbele."

Nikazunguka nikasimama mbele yake. Akanitazama usoni, akahamisha macho kidogo kidogo, paji, macho, kidevu. "Umekonda," akasema. "Miezi yote hii nasikia sauti tu."

Nilikuwa nimemtembeza ubavuni tangu siku ya daktari. Dukani, hospitali, kwenye ngazi, kila mahali, nikijiona mlinzi, na kumbe nilichagua pale pale asipopaona. Alikuwa amevumilia bila kusema, kwa sababu aliona nimeshikwa na wasiwasi na hakutaka kuniongezea.

Bahasha ilifika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mama aliishikilia pasipoti dirishani, akaitafuta karatasi ya viza, akaipata, akacheka kwa picha yake. Akaniambia nisome tarehe. Iliandikwa kwa tarehe za safari ya kwanza, na zilikuwa zimebaki siku tisa kabla haijaisha. Nilimpigia mdogo wangu palepale, simu ikiwa kwenye spika, nikamwambia kila kitu, ndege, saa, hoteli. Kisha nikamwambia na nesi wa jirani, na msimamizi wangu wa kazi, na mama akinitazama kama nimechanganyikiwa. Jirani akasema, "Kumbe hiyo ndiyo marathon," akatuletea dawa ya kuchua magoti. Jumatatu tukaondoka, bila ratiba, kwa sababu sikuwa nimepata hata muda wa kuandika nyingine.

Kule uwanjani Lisbon, baada ya ndege mbili na kukosa usingizi, tulikuta foleni mbili. Kwenye moja kulikuwa na bendera kadhaa, ya Marekani ikiwemo, na mashine zinazofunguka zenyewe. Nyingine ilikuwa ndefu, ikijipinda mara nne, na ndani yake watu wenye mafaili ya plastiki. Mfanyakazi mmoja akaona pasipoti yangu, akanielekeza kwenye mashine kwa tabasamu. Nikamwambia hapana, asante. Tukaingia ile ndefu, na kila ilipojipinda nilihakikisha nimegeuka, natembea kinyumenyume, uso wangu umeelekea kwake.