Sululu Aliyetazama Kamera

Mtaani walimwita Bwana Tulia, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake. Miaka ishirini na miwili alikuwa kwenye chumba chake cha picha za pasipoti, kiti kimoja na pazia jeupe, akiwaamuru watu: tulia, usicheke, tazama hapa, masikio yote mawili yaonekane. Uso ukigeuka kidogo tu, picha inarudishwa, na anayetukanwa ni yeye. Picha zake zilikuwa zimevuka mipaka chungu nzima, lakini jina lake halikuwa limeandikwa popote. Kwa hiyo mhariri wa kitabu cha shule alipomwomba picha ya sululu, yule ndege wa ufukweni, na kumwahidi kwamba jina lake litachapwa chini yake, alifunga studio siku tatu.

"Binadamu wamekushinda, sasa umehamia kwa ndege?" mkewe alimtania.

"Ndege hawalalamiki kwamba wametoka vibaya, mama watoto."

Siku mbili alilala kifudifudi ufukweni, mchanga ukimwingia masikioni, upepo ukimwangushia stendi ya kamera kila akiisimamisha. Sululu walikuwa tele, wakichokoa tope kwa ile midomo yao mirefu iliyopinda, lakini wote wamempa ubavu. "Tulia! Tazama hapa!" aliwafokea, nao wakaruka. Kila picha ya ubavu aliitazama, akasonya, akaifuta palepale, kama afanyavyo studio ili mbovu isichanganyike na nzima.

Siku ya tatu akagundua kwamba ndege husimama akiukabili upepo. Mjinga mimi, alijiambia. Akazunguka hadi upepo unakotokea, akalala tena. Hatimaye sululu mmoja akainua kichwa na kumtazama sawasawa: macho mawili, mbingu nyeupe nyuma yake, kivuli hakuna. Akabonyeza. Alirudi nyumbani mbiombio, akiimba.

Kesho yake mhariri aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Picha safi sana, Bwana Tulia. Ila mdomo uko wapi?"

"Huo hapo." Alionyesha nukta nyeusi katikati ya uso.

"Watoto watamjuaje sululu bila mdomo wake? Nipe ya ubavu, hata moja, nimalize. Kitabu kinakwenda kuchapwa leo mchana."

"Nilikuwa nazo," alisema Bwana Tulia. "Zaidi ya mia mbili."

Mhariri alidhani anatania, akacheka. Kisha akavuta droo, akatoa mchoro wa zamani wa sululu, akaubandika ukurasani, kwenye nafasi ya picha.

Majuto ni mjukuu, lakini wa Bwana Tulia hakungoja hata kuzaliwa mtoto. Alirudi studio na hasira tele, na wa kumkasirikia hakuna ila yeye mwenyewe. Mteja wa kwanza akaketi kitini, akageuza uso kuchungulia mlangoni. Bwana Tulia akafumbua kinywa aseme neno lake. Halikutoka.