Bidon ya Tantine Ilipopima Source Yetu

Toka tuhamie Butembo, batu bananiuliza kama ninatamani rafiki zangu ya Beni. Mimi ninatamani mulolongo. Ule wa source yetu, chemchemi ya mayi kule Bungulu, asubuhi mbele ya masomo, mabidon ya njano imepangwa kama baaskari, kila moja na jina ya familia yake kwa makaa. Bidon njo ilikuwa inasimama mu fasi ya mutu. Weye unaiacha, unaenda kukunywa chai, unarudi, unakuta mama mumoja ameisukuma nyuma kwa mguu na sasa anaangalia mawingu kama mutakatifu.

"Mama, bidon yangu iliota miguu?"

"Pengine ilienda misa. Inakupita kwa sala."

Matusi ya pale ilikuwa tamu kuliko chai. Lakini kisha matusi, kulikuwa kilima. Bamama balikuwa banapandisha bidon ku mugongo, kamba imekazwa ku paji la uso, shingo imenyooka kama mutu anasukuma ukuta na kichwa. Mama yetu pia. Akifika nyumbani alikuwa anabakia ameinama kidogo, kama mugongo ilikuwa haijaamini kwamba bidon imeshuka.

Yaya, dada yangu mukubwa, alikuwa anamaliza masomo ya injiniya ya mayi. Kazi yake ya mwisho ilikuwa juu ya source ile: iko na mayi ya kutosha kupandishwa na pompe ya sola mpaka ku avenue yetu, ao hapana? Mradi fulani ulikuwa na uwezo wa kujenga source moja tu, yetu ao ile ya batu ya ng'ambo ya bonde. Balimwambia yaya: "Lete mapimo yako, njo tutafuata." Donc mugongo ya mama ilikuwa mu mikono ya yaya. Akaanza kula kidogo.

Kupima kwenyewe ilikuwa rahisi mpaka haya. Unaweka bidon chini ya tiyo, bomba mwenye mayi inatokea, unafungua chrono ya telefone, unangoja ijae. Ikijaa mbio, source iko na nguvu. Ikikawia, source ni maskini. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikaanguka.

"Yaya, miaka yote ile ku université, juu ya kuangalia bidon inajaa? Mimi nafanya hii toka maternelle. Diplome yangu iko wapi?"

"Iko mu matope. Umeikalia."

Bidon alikopa kwa tantine, dada ya baba, mwenye anauzisha mafuta ya mawese ku soko. Ilikuwa safi, nguvu, haina ata tundu moja. Na sababu bidon ya recherche, ya utafiti, ilikuwa inapita mbele ya bote, bamama bote bakapenda sayansi ghafla. "Mwanangu, pima na yangu pia! Sayansi isikuwe na ubaguzi!" Yaya akakataa. Bidon moja tu, ile ile, kila asubuhi. Njo rigueur, kupima bila muchezo, alisema. Tantine akatembeza habari soko muzima: bidon yake imeingia université mbele ya batoto yake.

Wakati ya jua, wakati mayi inapunguka, ilipokaribia kuisha, yaya akafanya hesabu, akaikazia macho, akaifanya tena. Kisha akaingia ku jiko.

"Mama, mayi haitoshe. Pompe itaenda ng'ambo."

Mama aliendelea kumenya ndizi. "Basi," akasema. "Tumeshazoea."

Nikachukua kisu, nikaanza kumenya pamoja naye.

Jumamosi yaya akataka kurudisha bidon ya tantine. Ilikuwa ingali imejaa mayi, akaimwanga mu bidon yetu yenye ilikuwa tupu. Yetu ikajaa. Ya tantine haikuisha. Yaya alikuwa na mawazo mingi, akaendelea kumwanga, mayi ikamwangukia ku miguu.

"Yaya, bidon ya tantine inazaa!"

Hakucheka. Akaziweka mbili karibu karibu. Yetu ilikuwa nyembamba kama mwanafunzi wa internat, mwenye analala na kula ku masomo. Ya tantine ilikuwa na tumbo kama chef wa bureau.

Kila mutu wa Beni anajua ile tumbo inatoka wapi. Munuzi wa mafuta anatia mayi ya moto sana mu bidon, anafunga, anatikisa, bidon inavimba. Kisha anaenda nayo kwa mulimaji na kuiita bidon ya litri makumi mbili kama zingine: analipa makumi mbili, anabeba zaidi. Yaya alijua hii mbele ajue kusoma. Lakini ilikuwa akili ya soko, na ye alienda ku source na akili ya ku source.

Donc source yetu haikukuwa maskini! Tulikuwa tunaijazisha tumbo ya bidon ya tantine, na kuandika litri makumi mbili tu. Lakini kama yaya anabadilisha mapimo bila kusema sababu, batu ya ng'ambo batasema anasaidia avenue yake. Na kusema sababu ni kumutaja tantine mbele ya avenue, fasi kuko na batu benye banamuletea mafuta kutoka mashamba ya upande wa Mavivi. Tukamwita.

"Andika kama jua njo iliivimbisha," tantine akasema.

"Tantine, jua gani inachagua bidon moja?"

"Andika basi shetani."

"Profesa ataniuliza shetani ni ya litri ngapi."

Tantine akaangalia mama, mwenye alikuwa anateremsha bidon ku mugongo pole pole. Akaenda bila kuaga.

Siku ya Mungu kisha misa, avenue yote ilikuwa mu parcelle, kiwanja ya chef wa avenue, pamoja na batu ya mradi na bajumbe ya ng'ambo. Mbele yaya afungue kinywa, tantine akasimama, akakaza kikwembe.

"Bidon ni yangu. Niliikunywisha mayi ya moto. Sasa mwenye anauza mafuta na bidon yake haina tumbo, ailete, tupime na yake."

Hakuna mwenye alisimama. Papa mumoja akakohoa. Kisha mama mumoja wa mashamba ya Mavivi akapasuka na kicheko.

"Tantine, tulijua toka zamani! Njo maana sisi tunakujazia mpaka ku mabega ya bidon tu, hapana ku shingo."

Bakapima tena na ndoo ya mradi, yenye alama ya litri, bajumbe ya ng'ambo bamesimama nyuma ya bega ya yaya. Ilitosha. Kidogo tu, mais ilitosha. Yaya akaketi ku jiwe akalia, na mama akasema "wasingya", asante ya luga yetu, sijui kwa tantine ao kwa source.

Kisha robinet, bomba ya mradi, ikafunguliwa ku kona ya avenue, na mulolongo ikakufa. Batu banajaza, banaenda. Ata ukitafuta mutu wa kutukana, amekwisha kufika kwake. Mimi njo nilikuwa mutu mumoja mwenye huzuni mu avenue muzima.

Asubuhi ya kwanza niliamka, jua imeshatoka, nikamukuta mama ku kitanda. Nikaogopa. Sikukuwa nimemuona vile hata siku moja. Nikamutikisa.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Hapana. Niko nalala. Funga mulango."