Mikanda ya kukimbizana iliyotuletea wachimba dhahabu uani pa msikiti

Alhamdulillah, Mola amenipa uhai na macho ya kuandika haya. Wakuu, poleni na majukumu. Ninayosimulia niliyaona mwenyewe, na kwa umri wangu sina sababu ya kuongeza chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha madrasa Rwamgasa, kule Geita.

Likizo ikifika, wazazi walikuwa na hofu moja: vijana wao kwenda kuchimba dhahabu. Mashimo yalikuwa yanafukia watu. Nikawaahidi, "Niachieni mimi. Hataingia hata mmoja."

Nikawashika kwa mchezo wa kukimbizana. Shida ikawa ugomvi. "Nimekugusa!" "Hujanigusa!" Kisha ngumi.

Ndipo akaja Injinia. Cheo alijipa mwenyewe. Alikuwa fundi redio wa mji mdogo wa Mhunze, aliyefika Dar mara moja akarudi na miwani.

Akakusanya magari mabovu ya rimoti, yale ya kuchezea watoto, akayapasua. Mkimbizaji alifungwa mkononi kifaa cha kurusha mawimbi, antena yake spoku ya baiskeli. Wanaokimbizwa walivaa mikanda ya kupokea. Mkimbizaji akikaribia, mkanda unalia piii! Umekamatwa. Hakuna kugusana, hakuna ngumi.

Sasa, mkanda ulibeba betri nne kubwa za tochi. Kijana akikimbia, suruali inabaki nyuma.

Nikamwambia. Akajibu, "Ustaadhi, hata Wajapani walianza hivi hivi."

Sijui Wajapani gani hao waliokimbia wameshika suruali.

Kisha akataka kupima mawimbi yanafika wapi. Kila mkanda ulipolia, akapigilia kigingi chenye kitambaa chekundu. Uani pa msikiti. Rwamgasa! Mahali ambapo wazungu wa utafiti wa madini walipita na mashine zao, na kila walipoacha kigingi, wachimbaji waliapa kuwa dhahabu iko chini.

Tulipotoka kuswali Alasiri, ua ulikuwa umejaa sururu.

"Jamani, huu ni mchezo wa watoto!" nikasema.

Mchimbaji mmoja, Masanja, akacheka. "Mchezo gani una vigingi na mikanda ya kupimia dhahabu, bhabha? Ninyi mna Akhera, sisi tuachieni dhahabu."

Injinia, kwa busara zake, akamvisha Masanja mkanda ili aone kwamba haupimi dhahabu. Akamsogelea na kile kifaa. Piii!

"Kameza!" mtu akapiga kelele. "Masanja kameza dhahabu!"

Masanja akakimbia, suruali mkononi, kundi nyuma yake. Ndiyo siku pekee mchezo ule ulipochezwa sawasawa.

Nikageuka kuwakusanya vijana wangu. Mikanda ilikuwa imetupwa. Wenyewe walikuwa chini ya kigingi cha kwanza, wamezama hadi kiunoni, wanachimba.

Mama Zuberi akafika, akamwona mwanawe.

"Shikamoo, Ustaadhi. Si uliniahidi hataenda shimoni?"

"Marahaba, mama. Hajaenda. Shimo limemfuata."

Hakucheka. Akamvuta mwanawe kwa kola, wakaondoka. Wazazi wengine wakafuata, na madrasa ya likizo ikaishia hapo. Namshukuru Mungu hakuna aliyefukiwa.

Wakuu, leo nawaona vijana mnaunda saa za kulia na vidude vya kuvaa, mnaviita ubunifu. Sawa. Lakini kabla hujaunda kitu kinacholia, jiulize watu wa hapo wana hamu ya kusikia nini.

Nawe uliyewahi kuponzwa na Injinia wako, tusimulie hapa chini. Mola akujaalie riziki ya halali, na vijana wako awarudishe nyumbani salama kila jioni. Amin.