Mikanda Inayong'aa kwenye Gari la Baba

Gereji nzima ilimwita Fundi Taratibu, na si kwa kumsifu. Gari ambalo wenzake wangelivua urembo wa kubandikwa kwa dakika kumi na kulirudisha limechubuka kama goti la mtoto, yeye alishinda nalo asubuhi nzima. Wateja walinung'unika, wakaenda kwingine, kisha wakarudi na milango yenye makovu, wakimwamkia kwa adabu ya ghafla.

Siku moja mteja alikuwa mdogo wake wa kiume, bingwa wa mapambo yasiyoombwa. Mwezi mmoja tu baada ya kumzika baba yao, alibandika mikanda ya plastiki inayong'aa ubavuni mwa gari la marehemu ili, kwa maelezo yake, lionekane la kisasa. Miaka sita baadaye mikanda ilianza kubanduka, naye kwa busara zake akaleta mingine, mipana zaidi, ya rangi ya dhahabu.

Baba yao alikuwa mpaka rangi wa magari, na gari hilo ndilo la mwisho kupita mikononi mwake. Fundi alimpenda mno baba yake. Rangi ile ikichubuka, hakuna tena wa kuirudia.

"Dada, kwani hii si plastiki tu? Hebu nipishe," alisema mdogo mtu, akifunua kisu cha jikoni alichokifunga kwenye gazeti.

"Karibu. Ukimaliza hapo, uje uninyoe nyusi."

Kisu kikarudi gazetini.

Fundi aliosha ubavu wa gari, akaufuta, kisha akapitisha mashine ya kukaushia nywele juu ya mkanda hadi gundi ikalegea. Akapenyeza uzi wa nailoni nyuma yake, akauvuta huku na huku, polepole, wakati mdogo wake akipiga miayo kama aliyelima ekari nzima. Gundi iliyosalia aliiviringisha kwa kidole gumba, akamalizia kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo.

Mkanda ulipoanguka, wote wawili waliinama kutazama. Gari zima lilikuwa limepauka kwa jua, nao wakalizoea hivyo bila kujua. Lakini pale palipofunikwa, bluu ya baba ilikuwa imekolea vilevile, kana kwamba aliipaka jana. Machozi yalimlenga Fundi.

Mdogo wake alisogeza kidole karibu na rangi, asithubutu kuigusa.

"Unaona, dada?" alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyeitunza."

Fundi Taratibu alitafuta jibu la kumkata kilimi. Hakulipata, maana ilikuwa kweli.