Nkambo na Wateja wa Mafuta ya Mchaichai

Jana nilizunguka mtaa wa Bel-Air na begi la vichupa vya mafuta ya kunukia, nikibisha mlango hadi mlango, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi mtaa wa Hewa Bora, mbele ya kiwanja tulichokulia. Sikukaa. Mimi sijui kukaa, ndugu yangu; hilo nimelirithi kwa nkambo, mama yake baba.

Wakati ule mchaichai, sisi tuliuita sitroneli, ulijaa uani kwake kutoka kisimani hadi ukutani. Asubuhi tulikunywa chai yake na mikate ya mafuta, na jioni, bukari, ugali wetu, ikisongwa, harufu yake ndiyo iliyofukuza mbu. Marehemu mumewe, mtu wa reli, alimwachia bomba la shaba lililopindwa. Nkambo alilichomeka kwenye sufuria kubwa ya majani hayo na maji, iliyofunikwa, akawasha makaa, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji baridi ya beseni ambamo bomba lilipita, ili mvuke upoe na kudondosha mafuta. Yalipata moto upesi, na nkambo hakuwa na subira: "Fanya mbio, mutoto, mafuta iko nakimbia."

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Baba mdogo, aliyefanya kazi na malori ya mpakani Kasumbalesa, alitaka kujenga aneksi, vyumba vya kupangisha, palepale penye mchaichai. Alimwambia nkambo bila kumtazama usoni: "Mama, tafuta ba clients ba kununua mafuta yako. Ukibapata, nitaacha majani yako. Kama hapana, mvua ikiisha niko najenga."

Basi tukatembea. Baada ya misa nkambo alinipaka mafuta shingoni na kwenye nywele, akanitanguliza, ili watu wanuse kabla yeye hajafungua kinywa. Wakanusa, wakasifu, hakununua mtu. Maana nkambo alikuwa na desturi yake: kila nyumba iliyopata mtoto aliipelekea shina la mchaichai la kupanda, mzazi anywe chai na mtoto alale bila mbu. Alikuwa ameupanda mchaichai mtaa mzima. Jirani mmoja alicheka kwa upole: "Lakini Nkambo, tuko nayo. Si weye njo ulitupatia wakati nilizala huyu?" Nkambo akampokea mtoto, akausifu unene wake, akasahau chupa. Nilikasirika, na nikikumbuka bado nakasirika. Kesho yake alitoka tena, mbali zaidi, na kila mlango uliofunguliwa ulikuwa wa mpwa, au mkwe, au mtu wa parokia yetu, aliyekwisha kupata shina lake.

Mvua ilikwisha. Baba mdogo alileta jembe, majirani wakaja kuomba mashina ya kuongeza kwao, na nkambo akawagawia mwenyewe, amechutama, haraka haraka kabla jua halijayakausha. Baada ya hapo hakuzunguka tena. Alikaa kwenye kiti mlangoni, na kumwona amekaa kulinitisha kuliko kitu chochote.

Siku hizi majirani nao wamejenga aneksi. Uani kwao ni sementi tupu, mchaichai hakuna. Ndiyo maana mimi nauza. Wiki iliyopita mwanamke mmoja alifungua kichupa, akafumba macho, akasema, "Hii njo harufu ya kwetu," akachukua viwili. Nilimshukuru, nikaondoka mbio. Nkambo alikosa wateja kwa sababu alikuwa amewapa wote mashina. Mimi wateja ninao, na natamani mlango mmoja tu wanijibu kwamba mchaichai wanao uani, nirudi nyumbani na begi zima.