Mahali pa Tarumbeta Kunyamaza

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Wanafunzi wangu wa Bwera walisema mwalimu huyu akikasirika hata mbuzi wa shule wanapanga mstari. Kwenye kinanda ndiko nilikokuwa mbaya zaidi. Mtu akikosa nota, nilisimamisha wimbo, nikamkodolea macho, nikasema neno moja tu: "Rudia." Ndivyo nilivyokuwa miaka ile ya mwanzo wa sabini, nilipokuwa nikienda Kasese kila Jumamosi juu ya lori la pamba, kupiga kinanda katika kanisa lililokuwa karibu na kambi ya jeshi.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kuzivunja nyimbo za kitabu na kuzijenga upya. Kitabu kinataka sauti nne na watu wengi wa kuziimba. Watu wengi ningewatoa wapi? Nilikuwa na kinanda kidogo cha kukanyaga, kile kinachokunjwa kikawa sanduku. Nilikuwa na mpiga gitaa, muuza vitenge aliyevuka kutoka upande wa Kongo akaoa kwetu Bwera. Nilikuwa na koplo wa bendi ya jeshi na tarumbeta yake, mtu wa kaskazini, mpole mpaka nikajiuliza jeshini aliingiaje. Na mwimbaji mmoja, mke wa huyo koplo. Basi niliwaandikia hao hao niliokuwa nao. Sauti ya kati nilimpa gitaa, ya chini niliibeba kwa mkono wa kushoto, na tarumbeta nilimwambia aje polepole, asitufukuze kanisani.

Siku ya kwanza tuliaibika. Nilikuwa nimeandika wimbo kwa do-re-mi, kama tulivyofundishwa sote, nikagawa karatasi, nikahesabu, tukaanza. Mungu wangu! Ungedhani mbuzi watatu wamefungwa kamba moja na kila mmoja anakwenda kwao. Nikamfokea koplo kwanza, kwa kuwa tarumbeta ndiyo iliyosikika.

"Afande, hiyo ni do?"

"Ndiyo, Mwalimu. Do ya tarumbeta iko hapa."

"Do iko hapa!" Nikaigonga kwenye kinanda kwa hasira.

Mpiga gitaa alicheka mpaka akaweka gitaa chini. "Mama Mwalimu, kila mutu iko na do kwake nyumbani. Sasa tutakutana kwa nani?"

Alisema kweli. Karatasi inaandika do, haisemi do hiyo inakaa wapi. Ya tarumbeta ilikaa chini kidogo ya ile ya kinanda, na kuihamisha ni taabu. Mimi nilitaka wao wahame. Mke wa koplo, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akasema kwa sauti yake ile nzito na ya taratibu, "Mwalimu, mgeni akiingia, si mwenyeji ndiye husogea?"

Nikanuna. Halafu nikasogea. Do yangu ikahamia kwenye kibao cheusi, na vidole vyangu, vilivyozoea kutembea kwenye vyeupe bila kufikiri, vikawa vinajikwaa kila hatua. Mwanamke yule alikuwa ananitazama na kutabasamu, na mimi, niamini usiamini, sikumkasirikia. Nilimpenda tangu siku ile.

Alikuwa na wimbo wake. Maneno aliyajua kwa lugha ya kwao, alifundishwa na mama yake wakivuna simsim, ule ufuta, shambani, lakini sauti ya wimbo huo ilikuwemo pia katika kitabu chetu. Mstari wa tatu wa wimbo ule unapanda juu sana, na yeye alikuwa akiupanda bila haraka. Niliuandika upya kwa ajili yake peke yake, kinanda kwa sauti ya chini na gitaa nota moja moja, ili kitu chochote kisimzibe.

Aliugua wakati wa mvua. Koplo alikuwa akimuuguza mwenyewe, akimpikia uji kabla ya gwaride. Siku moja mgonjwa akamwambia, nami nimekaa pale pale, "Nikienda, unipigie wimbo wangu. Wewe mwenyewe, siyo bendi." Koplo akaahidi.

Akaenda. Gari la kumpeleka kwao halikupatikana, na njia ilikuwa ndefu mno, basi tukamzika Kasese. Pale kaburini koplo akainua tarumbeta. Kukatoka hewa tu. Tarumbeta inashikwa kwa midomo, na midomo ya mtu anayelia haishiki kitu. Akajaribu tena, akashindwa, akasimama ameiinua vile vile mpaka wenzake wakamshusha mkono. Inaniuma hadi leo.

Miezi ikapita. Jumamosi moja akanijia kanisani, kofia mkononi. Askari mmoja alikuwa amerudi kutoka likizo na habari kwamba mama wa marehemu anakuja kwa gari moshi kuona kaburi.

"Mwalimu, nilimwahidi mke yangu, nikashindwa. Sasa mama yake anakuja. Nisaidie, nisishindwe tena."

Tukaanza mazoezi. Nilimpa tarumbeta sauti ya mwimbaji, kwa sababu hakuna mwingine aliyestahili kuishika. Mstari wa kwanza alipiga vizuri. Wa pili pia. Wa tatu, pale wimbo unapopanda, midomo ikaachia. Tukaanza upya, ikaachia pale pale. Mpiga gitaa alikuwa ananitazama, anangoja nifoke. Neno lilinifika ulimini, nikalimeza.

Nikachukua karatasi ya koplo, nikafuta mstari wa tatu wote, nikaweka alama za kunyamaza.

Akaitazama. "Mwalimu, hapa hakuna kitu."

"Hapo utanyamaza. Gitaa litapanda peke yake. Wewe lia, futa uso, vuta pumzi. Tutakungoja mstari wa nne."

"Jeshini hakuna amri ya kulia."

"Kwangu ipo. Ndiyo hiyo nimeiandika."

Alikunja karatasi akaitia katika mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Mama akafika. Mwembamba, mrefu kama bintiye, na kikapu kimoja. Koplo alikuwa amechinja kuku. Mama hakuingia ndani mwake, hakugusa hata maji yake. Alikwenda kukaa kwa jirani, mke wa askari mwingine wa kwao, naye ndiye aliyetutafsiria: "Anasema amekuja kuona kaburi. Hakuja kumwona mkwe wake. Mwanawe alizikwa kama mtu asiye na watu." Nilitaka kumjibu, unanijua. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nani?

Asubuhi tukabeba kinanda mpaka kaburini, tukakisimamisha kwenye majani. Jua la Kasese lilikuwa limekwisha kuwaka. Mama alisimama upande wa pili, ametupa kisogo.

Koplo akapiga mstari wa kwanza, safi. Wa pili ukatetemeka, lakini ukafika. Kisha akashusha tarumbeta kama nilivyomwandikia, machozi yakamtoka, na gitaa likaanza kupanda.

Halikupanda peke yake. Mama alikuwa amegeuka. Aliimba kwa lugha ya kwao, kwa sauti nzito na ya taratibu, ile ile, mpaka nikainua macho kuona nani amefufuka. Akafika kule juu, sauti ikamkatika, akaendelea na iliyobaki. Mstari wa nne koplo akaingia, akamaliza.

Halafu mama akasema maneno machache, na jirani akachelewa kuyatafsiri kwa sababu naye alikuwa analia.

"Anasema, mwambieni mwanangu apige tena. Na safari hii asiniache peke yangu pale juu."

Koplo akanitazama. Nikatikisa kichwa: ndiyo. Akapiga. Mstari wa tatu ulipasuka, nota nyingine zilitoka hewa tupu, nyingine hazikutoka kabisa, lakini alikuwa pale, amepanda pamoja na mama yake hatua kwa hatua. Mimi ndiye niliyepotea. Vibao vyeusi sikuviona tena, vidole vikaanguka ovyo, nikaacha kukanyaga.

Mpiga gitaa akainama sikioni mwangu. "Mama Mwalimu," akasema taratibu, "rudia."

Tulipofika kambini, mama alikwenda kwa jirani akachukua kikapu chake. Akakileta kwa koplo, akakiweka ndani ya mlango, akaomba maji ya kunywa.