Dawa ya Tumbo ya Mama

Mama alikuwa na dawa yake ya tumbo ambayo hakumpa mtu. Mvua za kwanza zikishanyesha, alichukua kijiti kilichochongwa ncha, akaenda porini nyuma ya shamba letu la mtama pale Misigiri, akaketi chini na kuchimba mizizi. Aliibabua kidogo motoni, akaimenya, akaitafuna na kutema nyuzi. Sisi watoto tulifukuzwa. Nilikua nikijua kwamba mama yangu ana tumbo bovu, na hata mume wangu alipokuja nyumbani kujitambulisha, nilimwonya asije akamshangaa mama mkwe.

Mimi ni mtu wa maswali, na wenzangu sokoni Singida, ninakouza asali na mafuta ya alizeti, wananiambia hivyo kila siku. Kwa hiyo ukoo wetu ulipokubaliana kwenye kundi la WhatsApp kwamba tuandike nasaba kabla wazee hawajaisha, kazi nilitupiwa mimi. Upande wa baba ulijaa mpaka nikachoka. Upande wa mama ulikwama kwa bibi, mama yake mzazi, aliyefariki kabla sijazaliwa.

“Alitoka Ikungi,” mama alisema, na hapo hapo akahamia kwenye habari za kuku.

Nikaenda Ikungi siku ya mnada. Nilitoa shikamoo mpaka mdomo ukakauka. Hakuna aliyemjua bibi, wala aliyewahi kusikia binti wa kwao aliyeolewa Misigiri. Nilipomweleza mama, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

“Ukiendelea kumfukua mama yangu, mimi na wewe basi.”

Niliogopa. Mimi ni binti yake wa pekee, naye amezeeka. Sikutaka tukosane kwa ajili ya watu waliokwisha kufa. Lakini nilijua pia kwamba siku mama atakapoondoka, bibi naye atakuwa ametoweka kabisa. Nikaacha kuuliza. Kuacha kuwaza ndiko kulikonishinda.

Asali ndiyo iliyonifikisha. Nilipanda bodaboda hadi ndani kabisa ya Mkalama, kule ardhi inakoshuka kuelekea Ziwa Eyasi, kununua asali kwa Wahadzabe, wawindaji na warina asali wa kule. Nikakuta wanawake wamezunguka moto, wanababua mizizi ile ile. Wanamenya, wanatafuna, wanatema nyuzi. Niliwaonea huruma kwa kweli.

“Poleni jamani,” nikasema. “Matumbo yanawauma wote?”

Mmoja aliyejua Kiswahili akawatafsiria wenzake. Walicheka mpaka mwingine akajilaza chini.

“Dada, hiki ni chakula,” yule wa Kiswahili akaniambia. “Kaa ule.”

Nikakaa, nikala. Kilikuwa na maji mengi na utamu wa mbali. Machozi yalinitoka mbele ya watu nisiowajua, wala hayakuwa ya huzuni. Nilipowaeleza kwa nini ninalia, bibi kizee mmoja akasema shangazi yake aliolewa na mkulima wa Misigiri. Alikuwa akija na binti mdogo kukaa nao siku kadhaa, halafu wakaacha kuja.

Nilikwenda Misigiri, nikamsalimia mama, nikamweleza yote bila kuzunguka, hata ile pole niliyowapa. Pole hiyo ndiyo iliyoniokoa. Alijaribu kununa akashindwa, akafunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika kwa kicheko.

“Mngekuwa na akili,” akasema, “mngeniuliza mbona siponi.”

Kisha akaniambia. Usichana wake wote, kuitwa Mkindiga kulikuwa tusi, na hilo ndilo jina watu walilowapachika Wahadzabe. Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusema Ikungi, ili aolewe vizuri na watoto wake wasichekwe.

“Nimesema Ikungi mpaka nimechoka,” mama alisema.

Wiki haikuisha, akanipigia simu. “Njoo na gari, si pikipiki. Mgongo wangu haufai.”

Nikakodi gari. Nikampeleka Mkalama. Tulipofika nikatangulia kushuka kumtafuta yule mwanamke wa Kiswahili, maana nilihesabu kwamba mama atahitaji mkalimani. Nikiwa bado namuulizia, nikasikia sauti ya mama nyuma yangu. Ameshikana mikono na yule bibi kizee, anaongea Kihadzabe, ulimi unapiga vidoko, wala hasiti. Nimeishi naye miaka yote hiyo na sikuwahi kusikia hata neno moja la lugha ile likitoka kinywani mwake. Nilifurahi, na wivu nao haukukosa.

Wakacheka. Mama akanigeukia, akaniambia kitu kwa lugha ile ile, akasubiri nijibu. Nikamwambia sijaelewa.

“Wanauliza kwa nini sikukufundisha,” akasema.

 Halafu akanivuta mkono nikae karibu yake, akaanza na salamu.